Mashine haina lugha ya mama

Si zamani nilihudhuria harambee ya kanisa moja katika kaunti ya Bungoma, si mbali na mji wa Webuye. Mgeni wa heshima alikuwa ametoka Nairobi, naye alihutubia kwa Kiingereza. Kando yake alisimama kijana aliyeigeuza kila sentensi kuwa Kiswahili. Nami nilikuwa nimeketi viti vya nyuma, ambako mzee mmoja aliyapokea maneno ya yule kijana na kumnong'onezea mkewe kwa Lubukusu. Mgeni alipotia mzaha, kicheko kilikuja kwa awamu tatu. Kwanza walicheka waliosoma, kisha umati, na mwisho akacheka yule bibi peke yake, wakati mgeni ameshaingia katika habari nyingine kabisa.

Mzee yule hakujua Kiingereza, na kijana mkalimani, ambaye hakuwa mwenyeji, hakujua Lubukusu. Hata hivyo mzaha wa Nairobi ulifika hadi kiti cha mwisho, kwa sababu katikati palikuwa na lugha ambayo pande zote mbili ziliweza kuishika.

Nilipokuwa nikirejea Kitale jioni ile kwa matatu, tukipita Kamukuywa na Kiminini, nilimkumbuka mwanafunzi mmoja niliyemkosea. Alikuwa katika kidato cha pili. Siku moja aliona programu ya tarakilishi iliyoandikwa na wakubwa wake, akanyosha mkono na kuniuliza kwa nini maneno yote ya programu ile yalikuwa ya Kiingereza. Alitaka kujua kama mashine ingekataa iwapo angeiamuru kwa Kiswahili isome, ihesabu, irudie na iandike. Nilimjibu kwa haraka ya mtu ambaye kengele inakaribia kulia. Nilisema kwamba tarakilishi ilibuniwa na watu wa Kiingereza, ndiyo maana inajua Kiingereza tu, na anayetaka kuitumia hana budi kujifunza lugha yake. Darasa lilicheka, naye akaketi. Muda wa kuchagua masomo ulipowadia, alichagua Kilimo. Sisemi kwamba jibu langu ndilo lililomfukuza, lakini pia sithubutu kusema kwamba halikumfukuza.

Jibu lile halikuwa kweli. Tarakilishi haijui Kiingereza, wala haijapata kukijua. Walimu wenzangu na wanafunzi wanaosoma safu hii, naomba leo niwasimulie maisha ya mama mmoja Mmarekani aliyefariki zaidi ya miaka thelathini iliyopita, ambaye angemjibu kijana yule vizuri kuliko nilivyomjibu mimi. Jina lake ni Grace Hopper.

Alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, basi akaifungua. Vipande vilipomshinda kurudisha mahali pake, alifungua saa ya pili ili aone ya kwanza ilivyokuwa, kisha ya tatu, hata saa saba za nyumba nzima zikawa zimetapakaa sakafuni. Mamake hakumchapa. Alimpa saa moja aendelee nayo, akazihifadhi nyingine. Ninapoisoma habari hii hujiuliza ni watoto wangapi wetu waliochapwa kwa kosa kama hilo, na ni nini kilichopotea pamoja na kilio chao.

Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar akahitimu mwaka wa 1928, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale alikopata shahada ya uzamifu katika hisabati mwaka wa 1934. Mwaka wa 1930 aliolewa na Vincent Hopper, na ingawa ndoa yao ilikuja kuvunjika, jina la Hopper alibaki nalo maisha yake yote. Kuanzia mwaka wa 1931 alikuwa mwalimu wa hisabati pale pale Vassar, na hapo ndipo ninapomwona kuwa mwenzetu. Alikuwa akiwaamuru wanafunzi wake waandike insha juu ya mada ya hisabati, kisha anazisahihisha kwa wino kama mwalimu wa lugha. Walipolalamika kwamba hawakujiandikisha katika somo la lugha, aliwaeleza kwamba hisabati haina faida kwa mtu asiyeweza kumfahamisha mwenziwe aliyoyagundua. Mtu asiyelijua jambo hili hatayaelewa aliyoyafanya Hopper baadaye, maana kazi yake yote na mashine ilitokana nalo.

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili, mwalimu huyu alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Alikataliwa mwanzoni. Umri wake ulikuwa umepita kiasi na mwili wake ulikuwa mwembamba kuliko kipimo cha jeshi. Hakukubali jawabu hilo, akaendelea kubisha mpaka akaandikishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake mwezi wa Desemba 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Howard Aiken, kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 15 na kimo cha mita mbili na nusu hivi, na maagizo yake yalitobolewa kwa matundu katika utepe wa karatasi. Hopper alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa duniani kuandikia mashine ya namna hiyo programu, na ndiye aliyeongoza kuandikwa kwa kitabu kinene cha kuielezea, kilichochapishwa mwaka wa 1946.

Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni changa ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa ikiunda tarakilishi ya UNIVAC. Kampuni hiyo ilinunuliwa mwaka uliofuata na Remington Rand. Ndipo Hopper alipokutana na tatizo ambalo lingeshughulisha maisha yake. Mashine zile zilifahamu namba tu. Nyingine, kama ile BINAC aliyoitumia mwanzoni, zilimlazimu mtu ahesabu kwa nane badala ya kumi, yaani baada ya saba inafuata moja na sifuri. Hopper alizoea hesabu hiyo hata akashindwa kulinganisha daftari lake la hundi na hesabu ya benki. Ilibidi nduguye, aliyekuwa mtu wa benki, akae nalo mpaka akagundua kosa. Dada mtu alikuwa akitoa fedha zake kwa hesabu ya nane. Ni kisa cha kuchekesha, lakini mwenyewe alikichukulia kuwa onyo. Aliona kwamba mashine ilikuwa ikimvuta binadamu aingie katika lugha yake, ilhali yafaa mashine ndiyo ivutwe ije kwenye lugha ya binadamu.

Tatizo la pili lilikuwa la kunakili. Watengenezaji wa programu walikuwa na madaftari yenye vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa, mathalani kipande cha kutafuta kipeo au cha kukokotoa pembe. Aliyekihitaji alikinakili kwa mkono katika programu yake na kubadilisha namba za mahali. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari anajua yanayotokea watu arubaini wanaponakili ubaoni. Hopper aliona kwamba watu hawanakili sawasawa wala hawajumlishi sawasawa, na kumbe mashine iliundwa kwa kazi hizo hizo mbili. Kwa nini basi mashine isifanye kazi ya kunakili yenyewe? Aliviweka vipande vile katika utepe wa sumaku, akakipa kila kimoja namba ya kukiitia, kisha akaandika programu iliyosoma orodha fupi ya namba, ikavitafuta vipande, ikaviunga na kutoa programu kamili. Programu hiyo iliitwa A-0, na ilifanya kazi kufikia mwaka wa 1952. Yeye aliiita kompaila, yaani mkusanyaji, na jina hilo likabaki hata baada ya kompaila kuacha kukusanya na kuanza kutafsiri.

Kwa kipimo cha leo kazi ya A-0 ilikuwa nyepesi. Kwa wakati wake ilikuwa kufuru. Hopper alisimulia mara nyingi kwamba aliambiwa tarakilishi hufanya hesabu tu na haiwezi kuandika programu, akawa na kitu kinachofanya kazi ambacho hakuna aliyetaka kukigusa. Kulikuwa pia na sababu isiyotajwa waziwazi. Waliojua kuandika kwa namba walikuwa wachache na waliheshimiwa kama makuhani. Kuhani gani atafurahi kumwona muumini wa kawaida akiingia madhabahuni bila yeye?

Sasa nafika katika kisa ambacho laiti ningekijua siku ile darasani. Katikati ya miaka ya 1950 Hopper na wenzake walianza kuunda lugha ya kazi za biashara, ambayo maagizo yake yangekuwa maneno badala ya alama za hisabati, kwa kuwa wahasibu na makarani hawakupenda alama. Lugha hiyo ilikuja kuitwa FLOW-MATIC. Walipotaka kuwaonyesha wakubwa wa kampuni kwamba jambo hilo linawezekana, walitayarisha programu ndogo kwa maneno ya Kiingereza, na mashine ikaitekeleza. Halafu wakaandika programu ile ile kwa Kifaransa, na baadaye kwa Kijerumani. Mashine ikatoa jawabu lile lile. Wakubwa walifadhaika. Waliona ni jambo lisiloingia akilini kwamba mashine iliyoundwa Philadelphia inaweza kufahamu Kifaransa au Kijerumani. Ilimchukua muda mrefu kuwatuliza, na ili kazi isikatizwe alilazimika kuwaahidi kwamba Kiingereza ndicho kitakachotumika.

Msomaji atazame vizuri kilichotukia hapo. Mashine haikujifunza Kifaransa, kama isivyokuwa imejifunza Kiingereza. Neno la amri kwake ni mfuatano wa herufi unaolinganishwa na orodha. Ukipatikana katika orodha, kipande fulani cha maagizo huitwa. Ukibadilisha orodha umebadilisha lugha, na mashine iliyo chini haina habari. Kiingereza kilichojaa katika programu zetu leo hakikuwekwa pale na umeme wala na chuma. Kiliwekwa na watu, katika ofisi, kwa sababu za ofisi. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mwanafunzi wangu.

Lakini kuna jambo lingine katika kazi ya Hopper lisilosimuliwa sana, nalo ndilo lililonirudisha kwenye harambee ya Webuye. Baada ya A-0 kilifuata kizazi cha lugha nyingine. Ile ya A-3 ilipewa na kampuni jina la ARITH-MATIC. Kisha kikundi kilichoongozwa na Charles Katz, chini ya Hopper, kikaunda lugha ya wanahisabati iliyoitwa MATH-MATIC, ambayo mtu aliweza kuandika kanuni ya hesabu karibu kama aiandikavyo ubaoni. Je, sentensi ya MATH-MATIC ilishushwaje hadi kwenye namba za mashine? Haikushushwa kwa hatua moja. Iligeuzwa kwanza kuwa ARITH-MATIC, na ARITH-MATIC, iliyokuwa na kompaila yake tayari, ndiyo iliyoendelea na safari ya kwenda chini. Lugha ambayo jana ilikuwa ya watu kuandikia, leo ilikuwa ya kati, kama Kiswahili cha yule kijana kati ya mgeni na mzee.

Faida yake ni dhahiri. Anayebuni lugha mpya halazimiki kuanza na mashine. Anaanzia pale alipofikia mwenziwe. Hasara nayo ni dhahiri. Mkalimani wa kwanza akipoteza kidogo, wa pili huongeza hasara juu yake, na programu za MATH-MATIC zilitembea polepole kwa kuwa zilirithi uzito wote wa lugha iliyokuwa chini yao. Yule bibi wa Bungoma alicheka, ila alichelewa.

Mwaka wa 1958 wataalamu wa Marekani walilitazama jambo hili kwa hesabu. Kama kuna lugha kumi na aina kumi za mashine, zinahitajika kompaila mia moja ili kila lugha ifike kila mashine. Pakiwekwa lugha moja ya kati, zinatosha ishirini, kumi za kuingia na kumi za kutoka. Hesabu hii si ngeni kwetu. Ukienda soko la Kitale utasikia Lubukusu, Kisabaot, Kipokot, Kiturkana na Gikuyu. Ili kila jamii izungumze na kila nyingine bila lugha ya kati, zinahitajika jozi kumi za wakalimani. Wote wakijua Kiswahili, hahitajiki mkalimani hata mmoja. Wataalamu wale waliipa lugha yao ya kati jina la UNCOL, wakataka iundwe maalumu kwa kazi hiyo ya kuwa daraja. Haikukamilika. Ilikuwa vigumu mno kubuni mezani lugha inayotosha mashine zote na lugha zote, ambayo haina mtu hata mmoja anayeiandika kwa haja yake mwenyewe.

Kilichofanikiwa baadaye ni lugha zilizokuwa hai tayari. Dennis Ritchie, aliyefariki mwaka wa 2011, alibuni lugha ya C katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliibuni ili watu waandikie programu, na kwayo mfumo wa Unix ukaandikwa upya. Kwa vile karibu kila mashine ilipata kompaila ya C, wabunifu wengine waliona hawana haja ya kushuka chini zaidi. Katika miaka ya 1980 lugha ya C++ ilianza maisha yake ikigeuzwa kuwa C, kisha C ikageuzwa kuwa lugha ya mashine. Lugha ya Haskell ilipita njia hiyo hiyo kwa miaka mingi katika kompaila iliyotungwa Glasgow. Katika zama hizi za intaneti, lugha ya JavaScript, iliyotokea mwaka wa 1995 kwa kazi ndogo ndogo za kurasa, imekuwa nayo lugha ya kati. TypeScript, iliyotolewa mwaka wa 2012, hugeuzwa kuwa JavaScript kabla ya kutekelezwa.

Kiswahili nacho hakikutungwa na kamati ili kiwe daraja. Kina wenyewe, kina watoto waliokinyonya, kina washairi na matusi na nyimbo za kubembelezea, na kwa kuwa ni lugha kamili watu wengine wameweza kukikanyaga wakavuka. Wapo wasomi wetu wanaokidharau kwa kuwa ni lugha ya sokoni na ya wakalimani. Historia hii ya tarakilishi inawaumbua. Lugha iliyotungwa iwe daraja tu haikupata kusimama, na lugha zilizobeba nyingine zilikuwa na uhai wake kwanza.

Tumrudie Hopper. Mwezi wa Mei 1959 ulifanyika mkutano katika makao makuu ya ulinzi ya Marekani, Pentagon, wa kuamua iundwe lugha moja ya biashara itakayofanya kazi katika mashine za kampuni zote. Hopper alikuwa mshauri, na baadhi ya watu wake walikuwa katika kamati iliyoiandika. Lugha hiyo ni COBOL. Watu humwita mamaye, na ni haki kusema kwamba ilizaliwa kwa mikono mingi, ikiwemo ya Mary Hawes aliyeitisha jambo lenyewe na Jean Sammet aliyekuwa katika kamati. Hata hivyo sura yake ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka FLOW-MATIC. Mwezi wa Desemba 1960 programu moja ya COBOL ilitekelezwa katika mashine za kampuni mbili zilizoshindana, RCA na Remington Rand. Tangu siku hiyo ilithibitika kwamba mtu anaweza kuandika kazi yake mara moja, mashine zikabadilika chini yake, na kazi ikabaki.

Mwisho wa mwaka wa 1966 jeshi lilimstaafisha akiwa kamanda. Haikupita miezi mingi likamwita tena, mwaka wa 1967, aje kwa miezi sita kusawazisha matumizi ya COBOL katika Jeshi la Wanamaji. Miezi sita ile ilizidi miaka kumi na minane. Alipandishwa cheo hatua kwa hatua mpaka mwaka wa 1985 akaingia katika safu ya maadmirali. Ofisini kwake alitundika saa ambayo mishale yake ilikwenda kinyume, ili kila aingiaye akumbuke kwamba desturi si sheria. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi. Alieleza kwamba huo ndio mwendo wa mbali kabisa ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili majenerali na wanafunzi waushike kwa mkono muda wasioweza kuuona. Walimu wenzangu, hicho ndicho kifaa cha kufundishia! Hakikuhitaji bajeti ya wizara.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 79, katika sherehe iliyofanywa ndani ya meli kongwe ya kivita huko Boston. Akaendelea kufanya kazi ya ushauri katika kampuni ya tarakilishi mpaka alipofariki tarehe 1 Januari 1992. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli ya kivita imepewa jina lake, na mwaka wa 2016 serikali ya Marekani ilimtunukia, akiwa kaburini, nishani ya juu kabisa inayopewa raia.

Mtu anaweza kuniuliza maisha haya yanatuhusu nini sisi wa Kitale na Bungoma. Nitajibu bila kuzunguka. Katika mtaala wa 8-4-4 ambao sasa unaondoka, tuliwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu ngazi za lugha za programu, ya mashine chini na ya juu juu, nao walizikariri kwa ajili ya mtihani. Hatukuwaambia kwamba ngazi hiyo haijafika mwisho, na kwamba wao wenyewe wanaweza kuongeza kipago kimoja juu yake. Mwanafunzi anayejua kusoma faili na kubadilisha neno kwa neno anaweza kuandika programu inayopokea maagizo mepesi ya Kiswahili na kutoa maagizo ya Pascal au ya C. Zilizobaki atawaachia waliomtangulia. Hahitaji kujua muundo wa mashine, hahitaji fedha za kigeni, wala hahitaji kibali cha mtu wa Philadelphia. Kitale kuna chuo cha taifa cha ufundi, na Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii chenye skuli ya tarakilishi. Kazi kama hii ni ya ukubwa wa kumtosha mwanafunzi wa huko kwa muhula mmoja.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na baadhi ni za haki. Soko la ajira linataka lugha zinazotumika duniani, nazo zina maneno ya Kiingereza. Kweli. Pia anayejenga juu ya lugha ya mwingine hukumbwa na taabu moja: kosa likitokea, malalamiko huja kwa lugha ya kati. Mwanafunzi ameandika kwa Kiswahili, na kompaila iliyo chini inamlalamikia kuhusu mstari wa C ambao hakuuandika yeye. Ni sawa na yule bibi wa harambee ambaye, kama asingeelewa, asingejua amwulize nani, mumewe, kijana au mgeni. Mjenzi mwema wa lugha hana budi kuyarudisha malalamiko hayo hadi kwenye maneno ya mwenye kuandika, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Simwombi mtu aache kujifunza Kiingereza. Ninaomba mwanafunzi asiondoke darasani akiamini kwamba mashine imezaliwa na lugha ya mama, na kwamba lugha hiyo si yake. Aliyewahi kutunga japo kikompaila cha maagizo kumi ya Kiswahili ataisoma C kwa jicho jingine. Ataiona kuwa lugha iliyotungwa na watu, kama aliyoitunga yeye, na hofu itamtoka. Hopper alipofungua saa saba hakuziunda upya, lakini tangu siku ile hakuna saa iliyomtisha.

Mwanafunzi wangu yule sasa ni mtu mzima. Nasikia ana shamba la mahindi upande wa Kiminini na kwamba linamlipa vizuri, kwa hivyo Kilimo hakikumtupa. Nikikutana naye sokoni nitamwambia kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na kwamba mwaka mrefu kabla yeye hajazaliwa mama mmoja alikuwa ameshalijibu kwa lugha tatu.